Baba Yuko Daraja Gani

Wodini, Jumapili tarehe 3

Kaka,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa lori la saruji. Anasema analala mjini leo na kesho anarudi huko kambini kwenu. Najua huko hakuna mtandao, lakini hata ungekuwepo ningeandika tu. Unanijua. Kwenye simu nasema "eeh" na "sawa" mpaka salio linaisha.

Baba alirudishiwa zile seli zake Alhamisi. Nilidhani itakuwa operesheni, kumbe ni mfuko mdogo wa maji meupe, unaning'inizwa, unashuka, basi. Baba akaniuliza kama ndiyo hiyo tu safari yote tuliyosafiri. Daktari Mkuu akamwambia kazi yenyewe inaanza sasa. Seli hizo zilichukuliwa mwilini mwake, zikapelekwa kufundishwa kupigana na uvimbe, na zimetengenezwa mara moja tu. Zikiharibika hakuna nyingine kwenye friji.

Sasa, shida yenyewe. Seli zikianza kupigana, mwili mzima unaweza kuwaka. Sista wa zamu alinieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Anasema kinga inamwaga kemikali nyingi kwenye damu, hali hiyo wanaiita dhoruba, na wanaipima kwa madaraja manne. La kwanza ni homa peke yake. La pili, presha inashuka lakini inapanda akipewa maji ya dripu, au anahitaji oksijeni kidogo puani. La tatu, maji hayatoshi, anawekewa dawa ya kuisukuma presha, na anahamishiwa chumba cha mahututi. La nne ni mashine ya kupumulia. La tano sista hakulitaja. Nililiona kwenye chati ya ukutani, neno moja tu: kifo.

Baba aliposikia hayo alicheka mpaka akakohoa. "Mizani yenye alama nne tu? Ningeikuta dukani kwa mtu ningeifungia." Miaka yote hiyo ya kukagua na kurekebisha mizani za watu imemfanya asiamini kipimo chochote ambacho hajakifungua mwenyewe kwa bisibisi. Kitambaa cha presha anakitazama kama anakidai.

Jana jioni homa ilianza. Daraja la kwanza. Wanasema ni kawaida na hata ni dalili nzuri.

Dawa za presha nampa kama ulivyoagiza, alfajiri, kabla manesi hawajapita. Mwenyewe anataka saa hiyo, anasema ndipo tumbo linakubali.

Jambo moja nikuambie wewe tu. Madaktari wakisimama miguuni pa kitanda wanaongea kwa lugha ya shuleni kwetu, na mimi nasikia kila neno. Hawajui. Siku ya kwanza Daktari Mkuu aliniuliza kitu kwa lugha hiyo, nikaona haya, nikatazama chini, akamgeukia sista akamwambia huyu mtoto haelewi. Tangu hapo wanasema mambo yote mbele yangu kama vile mimi ni stuli. Kila siku nasema kesho nitawaambia. Kila kesho inakuwa ngumu zaidi, maana sasa wataniuliza kwa nini nilikaa kimya.

Mama anakusalimu. Bado yuko nyumbani na Bibi, hawezi kumwacha.

Mdogo wako,
Redio

*

Kambini, Jumanne tarehe 5

Redio yetu mbovu,

Marahaba. Barua imefika na vumbi la saruji, nimeisoma nikipiga chafya. Nilipoona "daraja la kwanza" nikaruka, msimamizi akadhani nimeumwa na nge. Halafu nikasoma vizuri nikaelewa kwamba hapo wa kwanza ndiye mwenye afadhali. Basi hongera kwake, abaki hapo hapo asipande darasa.

Nisikilize vizuri. Dawa za presha ASIKOSE HATA SIKU MOJA. Unakumbuka mwaka juzi. Wiki mbili tu bila vidonge, tukamkuta sakafuni kwenye karakana mdomo umekwenda upande, na miezi mitatu alikuwa anaongea kama ana kiazi mdomoni. Hao madaktari wanatazama uvimbe, na seli, na sijui nini. Presha ya Baba ni kazi yetu sisi. Ni kazi yako kwa sasa, kwa sababu uko hapo.

Na uwaulize mambo. Uliza homa itakaa mpaka lini. Uliza kama anaweza kula vya nyumbani. Uliza kama lile daraja likipanda watatuambia au tutaonea ukutani. Wewe ndiye macho yangu hapo, lakini macho bila mdomo yananisaidia nini? Una miaka kumi na sita, umesoma lugha mbili, unaandika kama hakimu. Fungua kinywa, mdogo wangu.

Mimi siwezi kuondoka kabla kipande hiki cha barabara hakijakaguliwa. Nikiondoka wanamweka mtu mwingine kushika ile fimbo ya kupimia, na kazi imekwisha. Unadhani napenda?

Kaka yako,
Injinia wa Fimbo

*

Wodini, Jumatano tarehe 6

Kaka,

Presha imeshuka. Sijui nianzie wapi kwa hiyo nimeanzia hapo.

Jana mchana kitambaa kilisoma tisini na kitu. Baba, ambaye nyumbani akiwa mzima kabisa anasoma mia na hamsini. Alikuwa ameloa jasho, midomo imepauka, anaongea lakini kama mtu aliye chumba cha pili. Wakaleta dripu moja, kisha ya pili. Ikapanda kidogo. Leo asubuhi imeshuka tena. Wamempa dawa ya kutuliza ile kemikali. Daraja la pili.

Lakini siyo hiyo tu niliyotaka kukuandikia.

Leo madaktari walipopita, Daktari Mkuu alikuwa na yule daktari kijana anayejifunza. Kijana akauliza kama presha inaweza kuwa imeshushwa na kitu kingine. Ni swali zuri, Kaka, nilimpenda kwa swali lile. Daktari Mkuu akasema hapana, tulifikiria hilo. Akasema vidonge vyake vya presha vilisimamishwa kabla hajawekewa seli, mgonjwa mwenyewe aliambiwa na akasema ameelewa. Kwa hiyo hii ni dhoruba yenyewe, ni daraja la pili, andika.

Na mimi nimesimama pale na karatasi ya vidonge mfukoni. Nilikuwa nimempa kidonge alfajiri ile ile.

Hakuna aliyeniambia vimesimamishwa. Walimwambia Baba. Nilipobaki naye nikamuuliza kama ni kweli. Akafumba macho akasema walisema, ndiyo, lakini wao hawakuwepo siku ile karakana. Nikamwambia Baba, presha inashuka. Akasema, "Inashuka kwa homa. Wamesema wenyewe. Wewe nipe dawa zangu uwaache na madaraja yao."

Nilitoka nikasimama kwenye korido mbele ya meza ya masista. Nilikuwa na sentensi nzima kichwani, nimeipanga kwa lugha zote mbili. Sista akaniuliza nataka nini. Nikaomba sabuni.

Kaka, nina hasira na mimi mwenyewe. Nina hasira na Baba. Na wewe pia, samahani, kwa sababu kila nikitaka kuacha nasikia sauti yako na yale maherufi makubwa. Wewe uko mbali na unajua kila kitu. Mimi niko hapa na sijui kitu, ila hicho kimoja, na hicho kimoja ndicho nimeshindwa kukisema.

Nimeamua kesho sitampa. Nitasema vimeisha. Presha ikipanda, basi, hakuna haja ya kumwambia mtu yeyote. Naomba ipande.

Niandikie upesi. Niambie nifanyeje.

Redio

*

Kambini, Alhamisi tarehe 7

We mtoto,

Mbona kimya? Lori halijarudi, wanasema linasubiri saruji huko mjini. Nimekaa hapa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Msimamizi anakuja huko leo na gari lake, ndiye atakayeleta barua hii.

Nimekaa nikahesabu, vidonge vya Baba vinakaribia kuisha na wewe najua huwezi kwenda dirisha la dawa kuomba, utarudi mikono mitupu. Basi nimenunua vingine kwenye duka la dawa hapa njia panda. Viko ndani ya taulo jipya, nimevikunja katikati ili manesi wasianze maswali yao. Msimamizi atalipeleka mpaka kitandani.

Usiniulize kwa nini nahangaika hivi. Mimi ndiye niliyemkuta sakafuni.

Andika basi, hata mistari miwili.

Kaka yako

*

Wodini, Ijumaa tarehe 8, jioni

Kaka,

Barua yako nimeipata sasa hivi. Ilifika jana. Baba alikuwa nayo. Ananiambia alisahau kunipa.

Nikueleze mambo yalivyokwenda, na tafadhali usinikatize, najua huwezi lakini nakusikia unanikatiza.

Jana alfajiri nilimwambia Baba vidonge vimeisha. Hakuleta ugomvi. Nilishangaa, nikafikiri kachoka. Mchana nikaenda kufua, nikachelewa kwa sababu bomba la chini linatoa maji kama linanyimwa ruhusa. Nikarudi nikakuta taulo la kijani chini ya kichwa chake. Nikauliza limetoka wapi, akasema ni la msimamizi wako, mtu mwema sana. Basi. Nikaridhika, maana mto wa hapa ni mgumu.

Presha haikupanda. Leo asubuhi ilikuwa chini kuliko jana. Mimi nikaona hivi: sijampa kidonge na bado inashuka, kwa hiyo siyo vidonge, ni dhoruba kweli, na mimi sina kosa. Kaka, nilifurahi. Baba yangu anazama na mimi nilifurahi kwamba sina kosa. Sijamwambia mtu mwingine yeyote jambo hili na sitamwambia.

Halafu saa ya madaktari. Daktari Mkuu akasema dawa ya kutuliza haijafanya kazi ipasavyo. Akasema kama kesho asubuhi presha itakuwa bado chini na maji hayaipandishi, atamhesabu daraja la tatu. Atakwenda chumba cha mahututi, na wataanza steroidi kwa kipimo kikubwa. Daktari kijana akauliza, na seli? Daktari Mkuu akavua miwani akaipangusa. Akasema steroidi inatuliza moto, lakini ana wasiwasi inaweza kuzilegeza seli zenyewe kabla hazijamaliza kazi. "Sitaki kuitumia bila sababu," akasema, "lakini siwezi kumwacha afe na seli nzuri mwilini."

Baba hakuelewa neno. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi, akauliza wanasemaje. Nikamwambia wanasema tusubiri.

Ndipo jioni hii akakumbuka barua. Nikasoma mpaka pale pa taulo. Nikamwinua kichwa, hakukataa, nikalikunjua. Vidonge viwili havipo. Alimeza kimoja jana na kimoja leo, peke yake, mimi nikiwa bombani.

Unajua nilifikiri nini kwanza? Nilifikiri wale wenye maduka aliokuwa akiwakamata wanaweka kidole chini ya sahani ya mizani. Alivyokuwa akirudi nyumbani amevimba kwa hasira, anasema mtu wa namna hiyo hata salamu hastahili. Sasa yeye ndiye ameweka kidole. Na mimi niliweka kabla yake, na wewe umeleta kidole kingine umekikunja ndani ya taulo.

Sikumpigia kelele. Nilimwambia tu Baba, ukiendelea watakupa dawa inayoweza kuua zile seli. Akasema mimi siwezi kujua mambo hayo. Nikamwambia nawasikia, nawasikia wote, tangu tulipofika. Kisha akasema nisithubutu. Akasema watamwona mzee mjinga aliyeambiwa kitu akafanya kingine.

Kesho wanapita asubuhi. Sijui kama nitaweza. Nimejaribu kusema peke yangu msalani na hata humo sauti haikutoka vizuri.

R.

*

Kambini, Jumamosi tarehe 9

Redio,

Lori limefika leo asubuhi na barua yako ya Jumatano. Ya JUMATANO. Nimeisoma nimesimama katikati ya barabara mpaka greda likanipigia honi.

Usimpe kidonge kingine. Taulo lile litupe, lichome, sijui.

Na usimwambie daktari kitu mpaka nije. Narudia, usiseme. Hujui hawa watu. Baba ameingizwa kwenye matibabu haya kwa nafasi, kuna watu wanasubiri nje. Wakisikia mgonjwa hafuati masharti na familia inapitisha dawa kwenye mataulo, watasema tumeharibu kazi yao, watamtoa. Wewe acha tu vidonge, presha itapanda yenyewe, na mambo yataisha kimya kimya. Kukaa kimya ni kitu unachokijua, mara moja katika maisha yako nakuomba ukifanye kwa makusudi.

Nimemwambia msimamizi naondoka. Amesema nisubiri mpaka mkaguzi apite. Nimemjibu vibaya, sijui kama bado nina kazi.

Mimi ndiye niliyenunua vile vidonge. Nimekaa hapa naangalia mikono yangu.

Kaka yako

*

Wodini, Jumatatu tarehe 11

Kaka,

Barua yako ya "usiseme" nimeipata leo. Nilikuwa nimeshasema Jumamosi.

Walipita asubuhi, wale wawili na sista. Presha ilikuwa chini. Dripu imeisha na nyingine inaendelea. Daktari Mkuu akamwambia sista apige simu chumba cha mahututi, waandae kitanda. Sista akageuka kwenda. Kama angesimama dakika moja zaidi labda ningeendelea kusubiri, lakini aligeuka, nikaona mgongo wake unakwenda.

Nikasema kwa lugha yao. Nikasema anameza vidonge vya presha. Kwanza nilimpa mimi, kila alfajiri, mpaka Jumatano, sikujua vimesimamishwa. Halafu akameza mwenyewe, Alhamisi na Ijumaa. Nikatoa taulo, nikaweka ile karatasi ya vidonge kitandani. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine mwenye mafua. Nilikosea wakati wa vitenzi mara mbili na nikarudi nyuma kuvirekebisha, fikiria, mahali kama pale.

Kisha Daktari Mkuu akaniinamia.

"Kumbe unatuelewa?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akatazama dari. Nilisubiri aniporomoshee maneno, na kweli alikuwa amekasirika, shingo yake ilikuwa nyekundu. Lakini mtu wa kwanza aliyemlaumu alikuwa yeye mwenyewe. Alimwambia daktari kijana kwamba swali lake la Jumatano lilikuwa sahihi na yeye alilifunga upesi, kwamba mgonjwa akisema ameelewa siyo sawa na kumwuliza anafanya nini. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza dozi, saa, kidonge cha mwisho lini. Nikajibu yote. Akamwita sista, aliyekuwa amefika mlangoni, arudi.

Alinieleza hivi, nami nakuandikia ili na wewe uelewe. Vidonge vile haviishi mwilini kwa siku moja. Kwa hiyo hakuna anayejua ni kiasi gani cha presha kimeshushwa na dhoruba na kiasi gani na sisi. Labda lile daraja la pili lilikuwa la kwanza tu. Labda lilikuwa la pili kweli. Akasema kitanda cha mahututi kitabaki tayari, presha itapimwa kila baada ya muda mfupi, lakini steroidi hataianza kwa kutegemea kipimo cha presha asichokiamini. Atasubiri mpaka jioni.

Jioni ikawa imepanda kidogo. Jana ikawa mia na kumi na nane bila dripu ya pili. Homa bado ipo. Wamemrudisha daraja la kwanza, na Daktari Mkuu amesema nisishangilie, seli zitaonyesha kazi yake baada ya wiki kadhaa na dhoruba inaweza kurudi. Hakuna aliyetaja kumtoa mtu. Nilimwuliza, Kaka. Nilimwuliza kwa mdomo wangu. Alisema mgonjwa hafukuzwi kwa kuogopa.

Sasa Baba. Haongei na mimi. Tangu Jumamosi anamwambia sista, "Mwambie huyo anipe maji," na mimi nimesimama pale pale, kikombe mkononi. Sista wa kwanza alicheka, wa pili akachoka. Mara moja tu alinisemesha moja kwa moja, Jumamosi ile ile madaktari walipotoka. Alisema, "Umenivua nguo mbele za watu." Nililia msalani, halafu nikakasirika, halafu nikarudi nikambadilishia shuka, naye akajigeuza bila kunitazama kama mtu anayesukumwa kwenye foleni.

Jana mchana walidhani nimelala kwenye kiti. Sista alikuwa anamkanya taratibu kuhusu vidonge. Baba akamwambia uvimbe haumwogopeshi, uvimbe hauonekani na watu. Anachoogopa ni kuanguka tena mdomo ukaenda upande, wanawe wamlishe kwa kijiko, mteja aje karakana na yeye ashindwe hata kumtajia uzito. Alisema, "Mwanangu mkubwa alinikuta vile, sitaki anikute tena vile."

Kwa hiyo wewe uliogopa kwa sababu yake na yeye aliogopa kwa sababu yako, na mimi katikati nikawa nabeba maji na vidonge. Nina hasira nanyi nyote wawili, na sitaisema kwa upole. Usinitumie tena amri kwa maherufi makubwa. Kwa daktari nitaongea mimi. Wewe njoo uongee na Baba, mkaguzi apite asipite, kwa sababu hilo mimi silijui.

Nimeandika mpaka hapo nikasimama, nikuambie kwa nini.

Sista alikuja kupima. Akafunga kitambaa, akasubiri, akaandika, mtu akamwita kitanda cha pili akatoka. Tukabaki wawili. Baba akauangalia ukuta akauliza imesoma ngapi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuulizwa. Ningeweza kusema nzuri tu. Nikamwambia mia na sita, imeshuka kutoka jana, na mikono yako ni ya baridi.

Kisha akageuza kichwa upande wangu.

"Nenda kawaambie," akasema. "Waambie vizuri, kwa lugha yao."

Nimekwenda. Wako naye sasa.

Mdogo wako